Kizingiti Kisichonyamaza

Ukuta ulikuwa haujala tangu juzi, na Sekela Mwambipile alilijua hilo hata kabla hajaugusa. Ukuta wenye njaa hunuka. Hunuka kama togwa iliyosahauliwa mtungini, na ukiuwekea kiganja unausikia umelegea kama shavu la mtoto aliyeamka vibaya.

"Mama Chaula!" aliita. "Mmenitesea mtoto!"

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akatokea upande wa jikoni, kajifunga blanketi juu ya kitenge, maana baridi ya Ikungwe haina adabu hata jua likiwa limetoka. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliopotelea kijiji cha pili.

"Nani kamtesa? Amenuna tu huyo. Jana wote tulikuwa msibani. Ulitaka tuache kuzika tuje kulisha ukuta?"

"Nilitaka mmoja wenu abaki."

"Abaki peke yake wenzake wakiwa wanazika? Labda huko kwenu Unyakyusa. Ndizi zimewalegeza."

"Na ninyi viazi vimewagandia kichwani. Lete pumba."

Wakalisha. Pumba za mahindi, molasi kidogo, maji ya uvuguvugu, vyote kwenye ndoo moja, halafu unaupaka ukuta chini kwenye kitako chake kama unavyopaka udongo kwenye jiko. Zamani watu walichoma matofali, wakamaliza misitu, wakabaki na matofali na jua kali. Siku hizi nyumba zinapandwa. Unasuka fremu ya mianzi, unatia mbegu ya uyoga, unalisha, na ukuta unaota. Ukishakomaa unakuwa mgumu kuliko saruji, ila ndani yake kuna nyuzi, na nyuzi zile zinasikia. Ukuta unajua nani amesimama wapi, anapumuaje, ana joto kiasi gani. Kwenye milango unaota utando laini unaofunguka na kufumba kama kope la jicho.

Na kila jengo lina koo, tundu lililo darini la kuitia wagonjwa majina. Msanifu anachagua sauti. Sekela aliwauliza wana Ikungwe wanataka sauti ya nani, wakasema hawataki sauti ya redioni, wanataka ya mtu wanayemjua. Ndiyo maana zahanati ile ilikuwa inazungumza kwa sauti ya Mama Chaula. Mume wake alilalamika sana. Alisema alikuwa ameshapata shida ya kutosha na mmoja.

"Hebu niambie," Mama Chaula alisema akijifuta mikono. "Mimi nikiuambia huu ukuta usogee, utasogea?"

"Hausogei. Unatii kiganja kimoja tu, cha msanifu aliyeupanda. Hiki hapa." Sekela akaonyesha kiganja chake cha kulia, ambacho chini ya ngozi kilikuwa na alama ya leseni, ndogo kama punje ya ulezi. "Mpaka siku ya makabidhiano. Siku hiyo mimi naweka kiganja, mkaguzi anaweka chake juu ya changu, ukuta unahamia kwake."

"Na ukifa kabla?"

"Jengo linabaki lilivyo milele. Kama mbwa aliyefiwa na mwenyewe. Hasikii mtu."

"Basi usife, mwanangu. Choo bado hakijaota."

Sekela akacheka. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja Mbeya mjini, juu ya saluni ya kusukia, na huko alikuwa hachori kitu kingine ila zahanati. Makampuni makubwa yalishamwita mara nyingi, akakataa. Alikuwa anapenda kukaa kwanza na watu, awaulize kinamama wanapenda kujifungua wakiwa wameshika nini, wazee wanataka kuona nini dirishani. Majibu yale hayakuwahi kupendeza kampuni yoyote.

Mama Chaula akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kama mtu mwingine kupiga kelele.

"Mkaguzi yuko njiani. Anakuja nacho."

Sekela aliacha kupaka.

"Kizingiti?"

"Kizingiti."

* * *

Daktari Lukelo Mbilinyi alikuwa chumba cha matibabu, amekalia kreti tupu, anafuta mashine ya hewa kwa kitambaa kama mtu anayefuta miwani. Ilikuwa moja tu. Zahanati nzima, mlima mzima, mashine moja. Yeye na Sekela waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye majengo mawili matatu, wakazoeana mpaka wakaacha kuamkiana kwa vyeo.

"Unataka kugoma," alisema hata kabla hajageuka.

"Nani kakwambia?"

"Umepiga hodi. Wewe ukipiga hodi ujue kuna balaa."

Sekela akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Ukuta ukampasha joto kidogo, kama kawaida yake kwa anayeujua.

"Lukelo, niambie ukweli. Unakitaka?"

"Nakitaka." Alikunja kitambaa taratibu. "Wewe umeona vizingiti kwenye ramani. Mimi nimefanya kazi kabla ya Kizingiti na baada yake. Kabla yake, homa ya mapafu ikija, watu wanajaa mpaka uani, mashine ni hii hii moja. Unafikiri nani alikuwa anachagua? Mimi ndiye nilikuwa mlango, Sekela. Mimi, na usingizi wangu, na njaa yangu. Kilipokuja Kizingiti, mtu anakikanyaga, kinampima: moyo, mapafu, damu. Kinatoa Alama. Tano kwenda juu, utando wa Tiba unafunguka. Chini ya tano, unafunguka wa Utulivu. Hakina ndugu, hakili rushwa, hakichoki. Na waliorudi nyumbani wazima wakawa wengi kuliko wakati wangu. Hilo siwezi kukudanganya."

"Sijasema hesabu ni ya uongo."

"Sasa?"

Sekela akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.

"Shangazi yangu, Tupoke. Alikuwa muuza samaki pale Tukuyu, mdomo kama wembe. Alipougua nilimpeleka hospitali moja mpya, nzuri, inang'aa. Tukakanyaga mlangoni, mwanga ukawaka sakafuni, akaufuata. Tukafika kwenye chumba chenye mapazia, kiti cha kubembea, kwaya inaimba polepole. Akaniambia, 'Mwanangu, leo wamenipa chumba cha wakubwa.' Akapiga simu kwa majirani kuwaringishia. Mimi nikaangalia kuta. Ndiyo kazi yangu, naangalia kuta. Hakuna tundu la hewa. Hakuna pa kuning'iniza dripu. Halafu nikaangalia mlango na kona yake. Kitanda kikishaingia hakina pa kugeukia. Unanielewa? Kile ni chumba ambacho kitanda kinaingia, hakitoki. Aliyekichora alijua. Msanifu mwenzangu, alikaa na rula yake, alijua."

"Ulimwambia shangazi?"

"Nilimwambia chumba ni kizuri."

Daktari akaangalia mashine yake.

"Angeambiwa angefanya nini?"

"Angegombana. Shangazi Tupoke angegombana na ninyi wote, mpaka mmpe mashine au afe anawatukana. Ilikuwa haki yake ile."

"Na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni? Yeye haki yake ipi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa linamuudhi Sekela zaidi. Lukelo hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi sana kama angekuwa mtu mbaya.

"Mimi sikatai kuchagua," alisema mwisho. "Mashine ni moja, lazima kuchagua. Ninachokataa ni jengo langu kuongopea watu kwa mapazia. Kama mtu anaambiwa hapana, aambiwe na mtu, usoni, asikie."

"Mtu huyo ni mimi."

"Ni wewe."

"Unanirudisha mlangoni."

"Sijafanya kitu bado."

"Stoo ya dawa haifunguki bila Kizingiti kupandwa. Ukigoma, hamna dawa, hamna zahanati. Hawa watu watashuka mlima na wagonjwa wao kama zamani."

"Najua, Lukelo. Unanieleza habari za stoo, na mimi ndiye niliyeichora?"

* * *

Mkaguzi wa Mamlaka ya Majengo Hai, Bwana Fulgence Ndimbo, alifika viazi vya mchana vikiwa vimeshabandikwa jikoni. Alikuwa mrefu, mstaarabu, amevalisha viatu vyake mifuko ya plastiki kwa ajili ya matope. Alipanda mteremko ule mfupi kwa awamu, anasimama, anashika kiuno, anasifia mandhari, anapanda tena. Baridi ile, na jasho linamtoka.

"Kamwene," Mama Chaula alimsalimu.

"Kamwene, mama. Msanifu, habari za kazi? Hongera, jengo limeota vizuri." Na alimaanisha. Alikuwa na macho ya mtu anayependa majengo.

Kizingiti kilikuwa ndani ya sanduku, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye maji. Ukikitazama ni kama ini la ng'ombe lililokatwa ubapa, refu, lenye unyevu. Alikilaza mwenyewe mlangoni, akakinyunyizia dawa yake, na kabla viazi havijaiva kilikuwa kimeshazama ardhini, kimetupa nyuzi zake zikaungana na za ukuta. Jengo zima likatetemeka kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Kule nyuma stoo ya dawa ikalia *ka!* Komeo likafunguka.

"Imekitambua," alisema Ndimbo, ameridhika. "Kikiwa hai, stoo iko wazi. Kikifa, inajifunga. Haina siasa."

Halafu akarudi hatua chache nyuma, akautazama mlango, na tabasamu likamwishia.

"Msanifu, pengo hili ni la nini?"

"Baraza."

"Hapa wanaweza kupita watu wanane kwa mkupuo."

"Kumi, wakiwa hawajala."

"Kizingiti kinataka mmoja mmoja. Wakipita kundi, utando hautajua umfungulie nani wapi."

"Ramani mliipitisha wenyewe, mheshimiwa."

"Tuliipitisha kama sehemu ya kusubiri!"

"Wanasubiri huku wakipita. Huku mlimani watu wana haraka."

Mama Chaula akageuka pembeni, blanketi likawa linatikisika kwa kicheko. Ndimbo hakucheka, lakini hakufoka pia.

"Sikiliza, dada yangu. Najua wewe si mjinga, na nadhani hili hukulikosea. Lakini sheria ni sheria. Weka kiganja, ufinye mlango ubaki wa mtu mmoja, tukabidhiane, nishuke kabla ya ukungu. Usipoweka, nitalazimika kuzuia jengo. Na wewe hutapanda ukuta tena nchi hii. Sitaki tufike huko."

Kabla Sekela hajajibu, kelele zikasikika kutoka bondeni. Siyo kilio. Ni wimbo wa kupokezana, ule wanaoimba watu waliobeba kitu kizito.

Walikuwa wanamleta Mzee Yoram Tweve.

Huku Ikungwe mgonjwa habebwi na ndugu zake tu. Anatoka kwake na wanne, akifika kwa jirani anaongezewa wawili, kila nyumba inatoa mtu, na anayechoka bega anapokewa, ila mkono wa mgonjwa hauachiwi. Lazima uwe mkononi mwa mtu tangu mlangoni kwake mpaka mkononi mwa mganga. Ukiachiwa njiani, wanasema umeshamwaga mgonjwa. Kwa hiyo machela ya mianzi ilipofika pale ilikuwa na kundi zima, wamebanana, wanatoka mvuke kama ng'ombe, na katikati yao mzee mwembamba kafunikwa mablanketi matatu, kifua kinakoroma, macho yakiwa hai kabisa.

"Jengo limefunguliwa?" aliuliza binti yake, ambaye ndiye alikuwa amemshika mkono.

"Limefunguliwa!" Mama Chaula alijibu kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

Wakaingia. Wote, kwa mkupuo, nyayo zote juu ya Kizingiti. Kule ndani, tando mbili zikaanza kufunguka na kufumba, Tiba, Utulivu, Tiba, Utulivu, kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni.

"Simameni!" Ndimbo aliinua mikono. "Ndugu zangu, simameni. Mteremsheni mzee. Mmoja amsaidie kusimama hapa, kisha amwachie, apite peke yake. Ni kupima tu, haiumi."

Waliangaliana kana kwamba amewaambia wavue nguo.

"Mheshimiwa," Mama Chaula alisema, taratibu kama anamwelekeza mtoto wa mgeni. "Huku kwetu hata maiti anasindikizwa. Wewe unataka huyu, ambaye bado anapumua, apite peke yake?"

"Ni utaratibu, mama."

"Na huu nao ni utaratibu."

Ndimbo akageuka kwa Sekela. Jasho lilikuwa limemloa shingo yote.

"Msanifu. Kiganja."

Sekela alimtazama Mzee Tweve. Akamtazama Lukelo, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa Tiba, mikono mifukoni, uso wa mtu anayesubiri hukumu yake mwenyewe. Halafu akaenda ukutani, akaweka kiganja.

"Mwanangu..." alisema Mama Chaula, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kuamuru ukuta siyo maneno. Ni kama kukanda unga: unasukuma, unavuta, unausikia unakujibu. Sekela alifumba macho akazitafuta nyuzi za Kizingiti. Alizipata upesi, zilikuwa za baridi kati ya nyuzi zake zenye joto. Zilikuwa zimejifunga kwenye kope za milango miwili. Akazivuta. Zikagoma. Akazivuta tena, meno yameumana, mpaka zikaachia, moja moja, kama mizizi ya magugu shambani. Hakuziua. Akazipandisha juu, kupitia darini, akazifunga kwenye koo.

Halafu akauambia utando wa Utulivu ujikunje. Ukajikunja. Akauambia ukuta uliokuwa unatenganisha korido mbili urudi ulikotoka, na ukuta ule, ambao ulikuwa bado mchanga kwa sababu aliufanya hivyo makusudi, ukasinyaa ukaanguka chini kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Palipokuwa na njia mbili pakabaki ukumbi mmoja, na kitanda kilichokuwa mwisho kabisa kikaonekana wazi kutoka mlangoni.

"Umefanya nini?" Ndimbo alinong'ona.

Jengo likamjibu lenyewe. Likakohoa, likazungumza kwa sauti ya Mama Chaula, ile ile ya kuitia ng'ombe:

"Anayebeba mbele kushoto: Alama tisa kwa kumi."

Mbebaji wa mbele kushoto karibu aangushe machela. "Kumi imeenda wapi?"

"Kwenye pombe ya ulanzi," alijibiwa na wa nyuma, na watu wakacheka kwa woga.

"Anayebeba nyuma kulia: tisa. Binti aliyeshika mkono: tisa na nusu. Mgonjwa..." Jengo likavuta pumzi. "Mgonjwa: tatu kwa kumi."

Hakuna aliyecheka tena. Binti wa mzee aliubana mkono ule kwa mikono yote miwili.

"Nani amesema?" Mzee Tweve aliuliza kutoka kwenye mablanketi.

"Ukuta, baba."

"Mbona una sauti ya mke wa Chaula?"

"Ni habari ndefu, baba."

"Tatu." Alikoroma, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba ile ilikuwa kicheko. "Darasa la saba nilipata chini ya hapo, na nikaoa. Daktari yuko wapi? Hebu aje anieleze tatu ni nini."

Hapo ndipo macho yote yalipomgeukia Lukelo. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema ngojeni. Sekela alimwona akivuta pumzi, akatoa mikono mifukoni, akaja akapiga magoti kando ya machela.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema."

"Mapafu yamechoka sana. Nikikuweka kwenye mashine, wanaoumwa kama wewe kumi, watatu wanapona. Nitakuweka. Lakini mashine ni moja. Akija mtu mwenye nafasi kubwa kuliko yako, na wewe bado hujanyanyuka, nitakuja kitandani kwako tuzungumze."

"Utakuja wewe mwenyewe? Hutamtuma mtu?"

"Nitakuja mwenyewe, baba."

Mzee akamtazama kwa muda, kama anampima ng'ombe mnadani.

"Basi siku hiyo tutagombana," alisema. "Leo niwekee."

Lukelo akanyoosha mkono. Binti akaushika ule mkono wa baba yake, akauweka mkononi mwa daktari, na ndipo tu alipouachia.

Machela ikasogea. Wote wangekuwa wamesahau kwamba jengo lina jambo la kumalizia, kama lisingekohoa tena.

"Aliyesimama mlangoni," lilisema, "mwenye mifuko ya plastiki miguuni: nne kwa kumi."

Bwana Ndimbo alitazama chini. Alikuwa amekanyaga Kizingiti kwa miguu yote miwili.

"Kizime," alisema.

"Mheshimiwa, ni moyo huo," alisema Sekela. Hakuwa anakejeli, na wote waliona. "Nimekuona ukipanda. Kaa, Daktari akimaliza akusikilize kifua."

"Nimesema kizime!"

"Mstari wenu ni tano. Kwa mlango mliotaka nifinye, sasa hivi ungekuwa unafuata mwanga."

Uso wa Ndimbo ulipita kwenye rangi zote, hofu kwanza, kisha aibu, na mwisho ikaja hasira, kwa kuwa hasira ndiyo peke yake inayoweza kusimama mbele ya watu. Akapandisha mkono wa shati, akagusa kifaa chake.

"Sekela Mwambipile. Kwa ukaidi mbele ya mkaguzi, unafutwa usanifu. Sasa hivi. Papo hapo."

"Futa," alisema Sekela. Alikuwa bado ameweka kiganja ukutani. "Mbona unachelewa?"

Ndimbo akakigusa tena.

Sekela aliusikia. Punje ile ya ulezi chini ya ngozi ikapoa, na ukuta, uliokuwa unamjibu tangu ukiwa mbegu, ukanyamaza. Ni kama kushika mkono wa mtu akiwa anapitiwa na usingizi. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kwenye kiganja kile. Akakitoa, akakitazama, akakifunga.

Ndimbo alimpita, akaweka kiganja chake mwenyewe pale pale.

"Finya," aliuamuru ukuta. "Finya mlango. Ota!"

Ukuta ulikaa.

Akabonyeza kwa mikono yote miwili. Ukuta ulikaa. Akabaki amesimama, mikono bado imebandikwa, na taratibu kabisa akaelewa alichokifanya.

"Makabidhiano," alisema.

"Hatukukabidhiana," alisema Sekela. "Kiganja ulichotaka kukipokea umekizima mwenyewe. Sasa huu haumsikii mtu. Mlango utabaki wa watu kumi, ukumbi utabaki mmoja, na Kizingiti kitasema kwa sauti mpaka jengo lizeeke. Kizingiti kiko hai, stoo iko wazi. Sheria imetimia, mheshimiwa."

"Kama mbwa aliyefiwa!" Mama Chaula alipiga kofi. "Nilijua! Niliwaambia huyu mwanamke ana akili za kinyonga!"

"Nitaandika ripoti. Watakuja kulichoma."

"Waje," alisema Mama Chaula. "Watatukuta ndani, wote. Wewe kaa chini kwanza, baba, usije ukatufia hapa tukaanza tena kuacha ukuta na njaa kwa ajili ya msiba wako."

Na Bwana Ndimbo akakaa kwenye benchi la baraza. Mtu akamtupia blanketi mabegani. Mwingine akamwekea kikombe cha uji mkononi. Mama mmoja asiyemjua hata jina akakaa karibu naye, akaushika mkono wake mwingine, maana ndivyo inavyofanywa, akaangalia mbele kana kwamba hakuna jambo.

Lukelo alitoka baadaye, mikono imelowa. Kule ndani mashine ilikuwa inavuta na kutoa, na binti wa mzee alikuwa anabishana na baba yake kuhusu soksi.

"Wakati wa homa ya mapafu," alimwambia Sekela, "nitasimama hapa mlangoni, jengo litapiga kelele namba za watu, na mimi nitawaangalia usoni mmoja mmoja. Unajua hilo?"

"Najua."

"Wapo watakaokufa ambao Kizingiti kingewaokoa, kwa sababu mtu fulani atagombana nami nikashindwa."

"Najua hilo pia."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Sijakuomba." Kisha akaongeza, "Ila nitakuja kukusaidia kushika mikono."

Daktari alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda benchini kumsikiliza mkaguzi kifua.

Mama Chaula akaja na kusimama pembeni ya Sekela. Wakalitazama jengo lao lisilo na bwana.

"Na wewe sasa utakula nini, mwanangu?"

"Viazi. Si ndivyo mlivyo navyo?"

"Vitakugandia kichwani."

"Vimeshaganda."

Upepo ukageuka, ukaleta ile harufu ya togwa. Ukuta wa nyuma walikuwa hawajaufikia asubuhi. Sekela aliokota ndoo, akachanganya pumba na molasi kwa mkono ule ule wa kulia, akachuchumaa, akaanza kupaka chini kwenye kitako, taratibu, kwa sababu kulisha hakuhitaji leseni.

Ukuta haukumtambua. Lakini ulikula.